Mizani ya Adili: Wasia wa Mwana Kupona na Wasomaji Wake

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo aghalabu hutajwa mbalimbali, wala si desturi kuziweka pamoja. Ya kwanza yasema: Mwacha mila ni mtumwa. Ya pili yasema: Muungwana ni kitendo. Zote mbili ni za Waswahili, zote mbili zahusu heshima ya mtu, na zote mbili hutamkwa na watu wale wale, pengine katika siku moja. Walakini hazipimi kwa mizani moja. Ya kwanza huipima heshima ya mtu kwa kile alichokirithi. Atupaye desturi za wazee wake huhesabiwa sawa na yule aliyetekwa, akatengwa na ukoo wake, akawa hana pa kujinasibu. Ya pili huipima kwa lile atendalo mwenyewe. Haiulizi alizaliwa nyumba gani wala mji gani. Mtu aishiye kwa methali ya kwanza na mtu aishiye kwa methali ya pili wanaweza kutazama tendo moja, wakalitolea hukumu mbili, na kila mmoja akaamini kwamba amesema kwa niaba ya adili.

Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba tofauti ya namna hiyo ndiyo iliyo chini ya mabishano mengi juu ya utungo mmoja mashuhuri wa lugha yetu, Utendi wa Mwana Kupona. Utungo huu umesifiwa kuwa kioo cha mke mwema, na umelaumiwa kuwa pingu ya mwanamke. Nashikilia kwamba wasifu na walaumu wamekuwa wakihukumu kwa mizani walizokuja nazo mkononi, mara nyingi bila kuzitaja. Na kwamba hukumu ya haki haiwezi kupatikana mpaka zitenganishwe mizani tatu: ile ya jamii iliyouzaa utungo, ile ya mtunzi mwenyewe katika hali yake, na ile ya msomaji. Jambo hili si la mchezo wa wasomi. Utendi huu husomeshwa, na mwalimu asimamaye mbele ya wasichana hana budi kujua anawapa nini.

Mizani ya jamii

Mwana Kupona binti Msham alikuwa mtu wa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, sheikh wa Siu. Siu na Pate ni miji ya kisiwa kimoja katika visiwa vya Lamu. Bwana Mataka anakumbukwa kwa kumpinga Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, ambaye katika miaka ya 1840 alipeleka majeshi Siu bila kufaulu. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, na Sayyid Said naye akafa baharini mwaka huo huo. Miaka miwili baadaye, katika mwaka wa 1275 wa Hijra, ambao kwa hesabu ya Kizungu ni 1858, mjane wa Bwana Mataka alimtungia binti yake, Mwana Hashima, wasia wa beti zaidi ya mia moja katika lahaja ya huko.

Jamii aliyoiandikia ilikuwa na safu zake. Juu walikuwa waungwana, watu wa nyumba za mawe, wenye nasaba zilizohifadhiwa na dini iliyosomwa. Chini walikuwa watumwa, waliolima mashamba, waliochota maji na waliopika. Katika jamii hiyo neno uungwana halikuwa na maana ya upole tu kama tulizoeavyo leo. Lilikuwa jina la hali: kuwa mtu huru, mwenye mji, mwenye kabila, mwenye elimu ya adabu. Upole na ukarimu vilidhaniwa kutoka katika hali hiyo kama maji yatokavyo katika chemchemi. Ndiyo maana beti zimwonyazo binti asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi hazikumstua msikilizaji wa Siu. Kwake yeye lilikuwa onyo la adabu, la namna moja na onyo la kutofuatana na wajinga. Kwetu sisi lina sura nyingine kabisa, na tutalirudia.

Yafaa pia kukumbuka jambo moja ambalo msomaji wa mbali hulipita. Katika miji ile, waungwana walikuwa na desturi ya kumpa binti nyumba anapoolewa, au sehemu ya nyumba ya wazazi, na mume ndiye aliyehamia. Mke alikaa kwao, akizungukwa na mama, shangazi na dada. Mume alikuwa mgeni mwenye heshima katika ngome ya wanawake. Basi tunaposoma namna binti anavyofundishwa kumpokea mume, kumlaza, kumwamsha kwa taratibu, kumfukizia udi na kumtunza, hatuna haki ya kuweka machoni petu nyumba ya mume iliyo na mke ndani yake kama mtumishi. Kinachosemwa hapo chafanana zaidi na adabu ya mwenye nyumba kwa mgeni ambaye radhi yake ina uzito. Sisemi kwamba jambo hili laondoa utii unaotakiwa na utendi. Utii upo, na umetajwa waziwazi. Nasema kwamba utii huo ulikuwa na mahali pake pa kukaa, na mahali hapo palimilikiwa na wanawake.

Juu ya desturi hiyo ya mji iko dini. Mtunzi anamweleza binti kwamba mja anahitaji radhi tano: ya Mwenyezi Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume. Mpango wa hesabu hii una maana. Mume ni wa tano, wala hakutajwa peke yake, bali amefungamanishwa na wazazi na Mola. Kwa mwanamke wa Siu, kumridhisha mume halikuwa jambo la mapenzi tu wala la hofu tu. Lilikuwa sehemu ya hesabu ya Siku ya Kiyama. Asiyeamini Kiyama anaweza kuliona fundisho hili kuwa hila ya wanaume. Anayeamini aliliona kuwa njia ya uokovu. Hapa tofauti ya hukumu haitoki katika maneno ya utungo, ambayo ni yale yale. Yatoka katika imani ya ayasomaye.

Mizani ya mtunzi

Lau mizani ya jamii ingetosha, kila mwanamke muungwana wa Siu angeweza kuwa mtunzi wa wasia huu, na wasia wote ungefanana. Lakini utendi una sauti ya mtu mmoja, na mtu huyo yu katika shida.

Anaanza kwa kumwita binti asogee, aketi, alete wino na karatasi. Anasema maradhi yamemshika mwaka mzima, na kwamba hakupata wasaa wa kumwambia neno jema. Hakuna bahari ya mafundisho inayoanza kwa utulivu hapa. Ni mtu anayeona muda wake umebaki mchache. Na kweli ulibaki mchache, kwa maana inasimuliwa kwamba alifariki baada ya miaka kama miwili. Binti alikuwa na umri wa miaka kama kumi na saba. Baba amekwisha kufa. Nyumba ya Mataka ilikuwa na adui mwenye nguvu, na kufa kwa Sayyid Said hakukuumaliza uadui wa Unguja. Katika hali hiyo mama anampa mwanawe nini? Fedha zaweza kuporwa, na jina la baba laweza kugeuka kuwa hatari badala ya ngao. Mama anampa mwana maneno, na maneno hayo anayaita hirizi ya kufungwa kwa uzi, anayaita kidani cha lulu na marijani.

Mifano hii miwili yastahili kuangaliwa kwa makini kuliko ilivyoangaliwa hadi sasa. Hirizi huvaliwa ili imkinge mtu na shari. Kidani huvaliwa ili kimpambe na kumtambulisha kuwa ni mtu wa daraja fulani. Kumbe wasia kwa mtunzi ni kinga na pambo kwa pamoja, na vyote viwili hukaa mwilini mwa mwana, mahali ambapo mporaji hafiki kwa urahisi. Tukiusoma utungo kwa ufunguo huu, mafundisho juu ya mume hupata sura nyingine. Mjane aliyeona dola ikiutamani mji wake anamfundisha yatima namna ya kuipata radhi ya mtu ambaye ulinzi wake utahitajika. Hiyo ni hekima ya mtu ajuaye kipimo cha nguvu zake na mpaka wa nguvu hizo.

Tena yapo maisha yake mwenyewe. Katikati ya wasia anaacha kuamuru, anasimulia. Anaeleza namna yeye na baba wa binti walivyoishi bila kuvunjiana heshima, na namna mume alivyomwachia radhi zake alipofikwa na mauti. Sehemu hii ndiyo moyo wa utungo, kwa sababu hapo fundisho lageuka ushahidi. Mtunzi hasemi tu kwamba desturi yataka hivi; asema mimi nimeifuata nami sikujuta. Tunaweza kuuliza kama kila mke wa Siu angeweza kutoa ushahidi huo. Bila shaka sivyo. Aliyepata mume mbaya na akaifuata desturi ile ile angetunga utungo mwingine, kama angepewa wino na karatasi. Hapa tunaona wazi namna thamani ya mtu binafsi inavyoingia ndani ya thamani ya jamii: bahati njema ya mtu mmoja imevaa vazi la sheria ya wote.

Jambo la tatu katika sauti ya mtunzi ni dua. Sehemu ndefu ya utendi, kuelekea mwisho, haina neno lolote juu ya mume. Ni maombi. Anawakabidhi watoto wake na jamaa zake kwa Mungu, anaomba aondolewe mashaka yake, anawaombea Waislamu. Kisha anawageukia wanawake wote, awataka wausome utungo na kuufahamu. Mtu akitwaa beti za mume peke yake na kuziita ndizo utendi, amefanya kama mtu aliyekata kidani, akabaki na ushanga mmoja, akasema hiki ndicho kidani.

Mizani ya wasomaji

Na ndivyo ilivyotokea. Alice Werner, mwalimu wa lugha zetu huko London, aliutoa utendi huu kwa chapa mwaka 1917. Mwaka 1934 yeye na William Hichens waliutoa tena kuwa kitabu, wakautafsiri kwa Kiingereza, na juu ya kitabu wakaweka jina ambalo kwa lugha yetu lingesemwa, Mashauri ya Mwana Kupona juu ya Wajibu wa Mke. Kazi yao ilikuwa ya thamani kubwa, wala hakuna mwanafunzi wa tendi asiyekuwa mdeni wao. Lakini jina lile si la mtunzi. Mtunzi aliuita wasia. Wasia ni neno pana: laweza kubeba imani, adabu, nasaba, ulimi, mali na maombi. Wajibu wa mke ni kitu kimoja tu miongoni mwa hivyo. Hapana haja ya kudhani ubaya; watu wa zama zao walikuwa na mizani yao juu ya kazi ya mwanamke katika nyumba, na walipoiona sehemu iliyolingana na mizani hiyo, waliiona kuwa ndiyo utungo mzima. Jina la jalada likatangulia mbele ya msomaji, na kila aliyefuata akaingia kwa mlango ule.

Wengine walioingia kwa mlango huo walifurahi. Waliukuta utendi kuwa kitabu cha unyago kilichoandikwa, wakautumia kuwaambia wasichana wanyamaze. Wengine walikasirika. Waliukuta kuwa ushahidi wa dhuluma, wakataka uondolewe mbele ya vijana. Makundi haya mawili huonekana kuwa ni maadui, lakini yamekubaliana katika jambo lililo kubwa: yote mawili yameamini kwamba utendi ni sheria ya wake. Yanabishana tu kama sheria hiyo ni njema au mbaya.

Lilizuka kundi la tatu. Mwaka 1991 Ann Biersteker alitaka utendi usomwe upya, kwa kuangalia lugha na nguvu, na aliona katika beti za mume uwezekano wa kinaya. Hoja yake ina mashiko katika mahali pamoja hasa. Mtunzi amfundisha binti amtunze mume kama mtoto mchanga asiyejua kusema. Mfano huu ni wa ajabu. Katika hesabu ya radhi, mume amesimama karibu na wazazi. Katika mfano huu, yeye ndiye mtoto, na mke ndiye mlezi. Yule atiiwaye amekuwa yule anayelelewa. Asiyeona kicheko kidogo hapo huenda ana masikio mazito.

Hata hivyo siafikiani na wale watakaoupeleka utendi mzima katika kinaya. Kwanza, mtu aliyelala kitandani kwa maradhi ya mwaka, aliyetaja Siku ya Kiyama kwa hofu ya kweli, hakumwita mwanawe ili amfanyie mzaha juu ya wokovu wake. Pili, ule ushahidi wa ndoa yake mwenyewe hauwezi kusomwa kwa kinaya bila kuuvunja. Ukiwa ni mzaha, basi hata radhi aliyoachiwa na marehemu ni mzaha, na dua zinazofuata zakosa msingi. Tatu, na hili ndilo lililo kuu, ile hamu ya kukiona kinaya kila mahali yenyewe ni mizani ya msomaji. Msomaji wa leo ampenda Mwana Kupona kwa sababu ni mtunzi mkubwa na ni mwanamke. Angependa pia awe na fikira za leo. Asipozikuta, azitafuta chini ya maneno. Lakini kumheshimu mtu wa kale ni kumkubalia awe na adili yake mwenyewe, hata pale inapotuudhi.

Nionavyo mimi, mfano wa mtoto si kinaya wala si utii mtupu. Ni maarifa. Mlezi humtii mtoto katika mambo madogo, huamka alipo, hunyamaza alalapo, lakini mlezi ndiye ajuaye kinachompasa mtoto. Mama amwambia binti kwa siri iliyo wazi: utamtii, nawe ndiwe utakayejua. Maarifa hayo yanakaa ndani ya mipaka ya mji, wala hayaivunji mipaka hiyo. Kuyaita uasi ni kuyazidisha, na kuyaita utumwa ni kuyapunguza.

Maneno yanayodumu na mizani inayogeuka

Hadi hapa nimesema juu ya utungo mmoja. Lakini jambo lenyewe ni pana, nalo laonekana vizuri zaidi tukifuata safari ya maneno ya adili baada ya 1858. Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Sheria ilipobadilika, lugha haikutupa maneno yake ya zamani. Iliyapa kazi mpya. Uungwana, uliokuwa jina la hali ya kuzaliwa, ukaelekea zaidi kuwa jina la mwenendo. Kando yake likapata nguvu neno ustaarabu, ambalo katika shina lake limebeba Uarabu, na ambalo lilishamiri zaidi wakati utawala wa Unguja ulipokuwa umeimarika. Leo mtu husema ustaarabu bila kuwafikiria Waarabu, kama anavyosema uungwana bila kumfikiria mtumwa. Neno limebaki, mizani imegeuka.

Hapana mfano mwema wa geuko hili kuliko maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja. Alizaliwa Fumba, shamba, karibu na mwaka 1880, katika familia maskini ya asili ya utumwa, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Alikuja mjini akichuuza vyungu. Sauti yake ilimpandisha hata akaitwa Siti, neno la heshima la kumwita bibi wa daraja. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo kwenye sahani za santuri, na alipofariki mwaka 1950 jina lake lilijulikana pwani nzima. Kutoka Mtumwa hadi Siti: ndani ya majina mawili ya mtu mmoja imo historia nzima ya mizani ya heshima katika miaka hiyo. Kwa methali ya mila, mwanamke huyu hakuwa na pa kusimama. Kwa methali ya kitendo, hakuna aliyemzidi.

Shaaban Robert alipoandika wasifu wake, uliotoka mwaka 1958, alichagua kwa makusudi maisha ya mtu kama huyu kuwa kielelezo. Uchaguzi huo ni hukumu ya kiadili kabla ya sentensi ya kwanza. Miaka mia moja kamili iko kati ya wasia wa Mwana Kupona na wasifu wa Siti. Katika wasia, watu wa asili ya Siti ni wale ambao binti muungwana ameonywa asichangamane nao. Katika wasifu, mtu wa asili hiyo ndiye anayewekwa mbele ya vijana, waungwana na wasio waungwana, wajifunze kwake.

Lakini ye yote atakayedhani kwamba mizani zote hugeuka kwa mwendo mmoja, na amtazame Shaaban Robert huyo huyo katika nyumba yake. Katika Maisha Yangu, kitabu kilichotoka mwaka 1949, zimo tenzi mbili alizowatungia wanawe: Utenzi wa Hati kwa binti yake, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Baba huyu naye alikuwa amefiwa na mwenzi wake, kama Mwana Kupona alivyofiwa na wake. Utenzi wa Hati wausia juu ya dini, tabia njema na maisha ya ndoa, na msomaji aliyeujua wasia wa Siu hawezi kukosa kusikia mwangwi wake. Jina limebadilika kwa namna inayolingana na mtu: mwanamke wa Siu alitoa wasia, karani wa serikali alitoa hati. Walakini katika sura ya mke mwema, baba wa Tanganyika wa karne ya ishirini yu karibu na mama wa Siu wa karne ya kumi na tisa kuliko tungevyotazamia. Katika jambo la nasaba alikuwa amehama. Katika jambo la ndoa alikuwa bado amesimama karibu na alipoikuta desturi.

Hili lina funzo kwa mhakiki. Hatuna haki ya kumgawa mtu kuwa wa zamani au wa kisasa kwa jumla, kama kwamba thamani zote alizo nazo zilifungwa katika furushi moja. Mtu huweza kuipima asili kwa mizani mpya na kuupima ujinsia kwa mizani ya kale, bila kuona mgongano. Sisi pia tuko hivyo. Anayezikemea beti za watumwa kwa ukali huenda amemweka nyumbani mtumishi asiyekaa naye mezani. Tena haoni neno, kwa kuwa desturi ya mji wake yamwambia kwamba hilo ni jambo la kawaida. Mizani ya mtu mwingine huonekana. Ya nafsi husomeka kama ukweli.

Hukumu

Baada ya kuzitenganisha mizani, hatuna ruhusa ya kukataa kuhukumu. Wako wanaosema kwamba kila zama na adili zake, basi na tunyamaze. Ushauri huu una sura ya unyenyekevu, lakini matokeo yake ni uvivu. Mwana Kupona mwenyewe hakunyamaza; aliwataka wanawake wausome utungo na kuufahamu, na kufahamu ni pamoja na kupima.

Basi nasema hivi. Beti zinazowatenga watumwa ni kasoro ya adili, wala si kasoro ya zama tu. Siku zile zile pwani hiyo hiyo ilikuwa na dini iliyofundisha kwamba kumwacha huru mtumwa ni ibada, na mtunzi aliyeijua dini hiyo vema angeweza kusikia sauti hiyo. Kwamba hakuisikia katika jambo hili kwaonyesha jinsi daraja linavyoweza kuziba sikio la mcha Mungu. Beti za mume ni jambo jingine. Zina utii ambao msichana wa leo halazimiki kuuchukua, na zina maarifa ambayo yeye, na mvulana vilevile, wangefaidika nayo: kuchunga ulimi, kutovunjiana heshima, kumjua mwenzio hata pale asiposema. Na dua za mwisho ni miongoni mwa mambo yenye uchungu mzuri sana katika ushairi wetu. Mtu asiyezisoma hajausoma utendi.

Kwa hiyo wale watakao kuuondoa utungo huu mbele ya vijana wakosea, na wale watakao kuusomesha vipande vyake vya mume peke yake wakosea zaidi. Usomeshwe mzima. Mwalimu aanze na karatasi na wino na maradhi ya mwaka, si na mume. Azisome beti za watumwa kwa sauti, asizifiche, kisha amlete Siti binti Saad darasani, aulize ni nani kati ya wanawake hawa wawili aliyekuwa muungwana na kwa maana ipi ya neno hilo. Aulete na Utenzi wa Hati, wanafunzi wapime wenyewe kitu gani kilihama katika miaka ile na kitu gani kilibaki pale pale. Na watayarishaji wa chapa mpya waurudishie utungo jina lake, wasia, wakiliacha lile la jalada la 1934 katika historia ya wasomaji wake, ambako ndiko lilikotoka.